Mwalimu Asiyekuwa na Moshi

Alikuwa na desturi moja iliyowachosha watu wote wa Shella, mtaa wetu wa Malindi. Akialikwa mahali, iwe harusini au hitimani, kabla hajaketi atauliza, "Jiko li wapi?" Wasiomjua walidhani ana njaa. Waliomjua walimwonyesha kwa kidole na kuendelea na shughuli zao, naye angezunguka uani, atazame, kisha arudi na kuketi ametulia kama mtu aliyekwisha kuswali. Mara moja, kwenye harusi ya watu wenye uwezo wao, alirudi kutoka uani akamwambia bwana harusi mbele ya wageni, "Bwana, nyumba yako hii ni mbili." Yule kijana ndiyo kwanza ameoa mke mmoja. Ilichukua muda kumweleza baba mkwe kwamba mgeni alikuwa anazungumzia kodi.

Sisi tulimwita Mwalimu. Mji ulimwita Mwalimu wa Kodi, na wenye ulimi mrefu walikuwa na majina mengine. Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa nalo, na nasaba pia, lakini hayo wanayajua wa kwao na sitayagusa. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona mwenyewe, na mengi niliyaona nimekaa juu ya gunia la ufuta.

Darasa lake lilikuwa ghalani. Mhindi mmoja mnunuzi wa ufuta na mbaazi alimpa pembe moja ya ghala lake asubuhi, kabla mizigo haijaanza kuingia, na badala ya kodi ya mahali Mwalimu alimsomea matangazo ya forodha na kumwambia lipi la kuogopa na lipi la kupuuza. Mimi nilikuwa mpimaji katika ghala hilo hilo. Nilikuwa nimeoa, nina nyumba yangu ya makuti, na nilikuwa nimeuchoka mzani. Nilianza kusikiliza masomo nikiwa nashona magunia, nikaishia kuketi juu yake.

Enzi hizo, kabla ya vita vile vikubwa vya Wazungu, Serikali ilikuwa imetangaza kwamba hapana mtu atakayeshika kazi ya ukarani katika boma la Malindi mpaka afanye mtihani. Mtihani ulikuwa na mafungu matatu. La kwanza hati, la pili hesabu, la tatu kodi na sheria. Hati tuliiweza. Hesabu, mtu aliyelelewa mizanini haimtishi. Fungu la tatu ndilo lililokuwa likiwarudisha watu kwao wameinamisha vichwa, kwa sababu kanuni zenyewe zilikuwa ndefu, zimeandikwa kwa lugha ya watu wasiotujua, na ndani yake mna nyumba, wake, mifugo, mitumbwi, urithi na faini, kila kitu na mlango wake.

Mwalimu hakuwa na habari na mafungu mawili ya mwanzo. Hesabu hasa zilimshinda. Alihesabu kwa vidole, na akifika mwisho wa vidole alinitazama mimi. "Mpimaji, saba mara tisa?" Nikimjibu anasema, "Nilikuwa najua," na hakuna aliyethubutu kucheka. Lakini umwulize mjane aliyehamia kwa mwanawe anatozwa kwa nyumba ipi, atakujibu bila kupepesa, na kukutajia fungu la kanuni, na kisa cha mtu aliyewahi kugombania jambo hilo barazani, na siku ile mvua ilikuwa inanyesha au hainyeshi.

Aliyapata wapi hayo? Alikuwa mkalimani. Kwa miaka mingi alisimama katika baraza ya mudiri, mtawala mdogo chini ya Wazungu, katikati ya Mzungu na watu, akigeuza maneno ya huku kwenda kule. Kila kesi ya kodi iliyopita Malindi ilipita kinywani mwake. Nadhani ndiyo maana hakuwa na haja ya kuandika kitu. Sheria kwake ilikuwa sauti za watu.

Tuliotoka chuo cha Kurani tulikuwa na maradhi yetu. Tulikuwa tumefundishwa tangu wadogo kusoma kwa kuyumba, mbele na nyuma, na tulipopewa kanuni za kodi tukaziyumbia vile vile. Tulizihifadhi zote kwa mahadhi mazuri. Uulizwapo swali lakini, ilibidi uanze mwanzo wa fungu na kuyumba mpaka ulifikie jibu, na mara nyingi ulilipita. Mwalimu aliliona hilo siku ya kwanza. Siku ya pili alikuja na birika la kahawa. Kila mmoja wetu aliwekewa kikombe kilichojaa juu ya kiganja cha mkono, akaambiwa ajibu.

"Kitabu cha Mungu kisome kwa kuyumba, utapata thawabu," alisema. "Kanuni za boma zisome kahawa isimwagike."

Nilijiunguza mkono siku nyingi. Mpaka leo nikiulizwa jambo zito, kiganja changu cha kulia hufunguka chenyewe.

Msemo wake mkubwa ulikuwa mmoja, na aliutumia mpaka tukauchoka: "Usihesabu paa, hesabu moshi." Maana yake hivi. Kanuni zilisema kodi ni kwa kila nyumba inayokaliwa. Nyumba inayokaliwa ni ipi? Mwenyewe atakuambia hii ni ghala, hii ni banda la mbuzi, hii ilikuwa ya mama naye ameshakufa. Mwalimu alisema mtu anaweza kudanganya kwa mlango, kwa kitanda, hata kwa kaburi, lakini tumbo halidanganyi. Tafuta mafiga. Palipo na mafiga matatu na majivu ya jana, pana mtu anayekaa. Pasipo na mafiga si nyumba, hata kama ina milango ya nakshi. Alipenda kumaliza na ile methali ya wazee, nyumba njema si mlango, na kila mara aliitamka kana kwamba wazee walipoitunga walikuwa wanafikiria kodi.

Tulikuwa naye darasani Mgiriama mmoja, Karisa, aliyesomeshwa na misheni. Huyu hakuwa na maradhi ya kuyumba. Alikuwa na ya kuuliza. Asubuhi moja, Mwalimu akiwa katikati ya mafiga na majivu, Karisa aliinua mkono.

"Mwalimu, niwie radhi. Na yako wewe, nyumba yako ni ipi?"

Mwalimu alikitazama kikombe cha Karisa kwanza, akaona hakikumwagika.

"Sina," akasema. "Endelea na fungu la nne."

Sote tulilijua jambo hilo, ila hakuna aliyekuwa amelisema. Mwalimu alikaa chumba cha uani katika nyumba ya dada yake. Dada huyo alikuwa mjane, na nyumba ilikuwa yake aliyoachiwa na mumewe. Mwalimu alihamia pale ili asimwache peke yake, na akala chunguni mwake tangu siku hiyo. Chumba chake kilikuwa na kitanda, mkeka, sanduku na mwavuli. Mafiga hapakuwa. Sasa lilipokuja tangazo la mtihani, lilikuja na sharti: anayetaka kuhesabu nyumba za wenzake, aje na cheti cha kodi ya nyumba yake mwenyewe. Na mtihani haukuwa wa makarani peke yao. Watumishi wote wa boma, wakalimani nao, waliambiwa wafanye au wapishe. Mwalimu hakuwa na nyumba, kwa hiyo hakuwa na cheti, kwa hiyo hakuweza hata kuketi kwenye kiti cha mtihani, na nafasi yake barazani akapewa mtu mwingine. Kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote duniani ilimponyoka kwa ajili ya mawe matatu.

Watu walimshauri. Wengine walikuwa wameazima vyeti vya wajomba zao na wamepita bila shida. Mudiri mwenyewe, aliyezoeana naye miaka mingi, alimtumia ujumbe kwamba akitaka, chumba chake kitaandikwa nyumba na hakuna atakayekwenda kuchungulia. Alikataa. "Nikaandikwe nyumba isiyo na moshi?" alisema. "Kisha nije kuwafundisha nini hawa?"

Basi weka mafiga, utasema. Hata mimi nilisema, moyoni. Lakini aliyesema hivyo hakumjua dada yake.

Dada yake alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ndogo, na hapakuwa na mtu Shella aliyemshinda jikoni. Mbaazi zake za nazi zilikuwa zikitajwa mpaka kwa watu wenye wapishi. Kwake yeye, ndugu yake kuwasha moto wake hatua chache kutoka jikoni kwake lilikuwa jambo lisilosemeka. Kwetu ndugu wakitengana vyungu, mji hauulizi sababu; unajua kwamba mmoja amemchoka mwenzake. Watu wangesema amemnyima chakula ndugu yake, hata yeye hajamfuata mumewe kaburini, roho imekwisha kuwa ngumu. Alilisema mara moja tu, na hakulirudia, "Maadamu mimi ni hai, ndugu yangu hapiki." Mwalimu, aliyeweza kumbishia mudiri siku nzima, hakumjibu dada yake neno.

Alilipiza kwa njia yake lakini, na sijui kama alijua kuwa analipiza. Kila alipomaliza kula alinawa, akamgeukia dada yake, akasema kwa adabu zote, "Ahsante kwa kunikaribisha." Kila siku, mchana na jioni, kama mgeni aliyeshuka jana. Dada mtu alikuwa akikasirika. "Mgeni siku mbili," alimwambia siku moja nikiwapo, "ya tatu hupewa jembe. Wewe jembe lako liko wapi?" Mwalimu akajibu kwamba mwenye jembe ana shamba, na mwenye shamba ana nyumba, naye hana. Dada akaondoka na sahani. Nilicheka wakati ule. Sasa silioni tena la kuchekesha.

Asije mtu akadhani namchora walii. Alikuwa mgumu wa sifa. Ukijibu vyema alinyamaza, na ukikosea ilikuwa sherehe. Aliringa na kanzu yake ya Ijumaa. Alikuwa mtu wa kubishania bei ya samaki mpaka samaki anaharibika, na alimwogopa bata wa jirani kiasi cha kubadilisha njia. Tena alikuwa na jambo jingine, zito zaidi, ambalo lilituweka njia panda sisi wanafunzi wake.

Asubuhi alitufundisha kuhesabu. Alasiri, alipokaa nje ya mlango wa dada yake, walikuja watu wa mashambani, Wagiriama kutoka ng'ambo ya mto Sabaki na Waswahili wenye mashamba, wamebeba kuku au madafu, wakitaka kujua wafanyeje kodi isiwaelemee. Naye aliwafundisha. Aliwaambia wazi kwamba karani atakayekuja atatafuta mafiga, kwa hiyo mwenye majiko matatu anayeweza kupikia mawili ana haki ya kupikia mawili. Kwa ufupi, asubuhi aliwasomesha paka na alasiri akawasomesha panya.

Karisa jambo hilo lilimkera. "Mwalimu, wewe uko upande gani?"

"Niliposimama barazani," Mwalimu akasema, "Mzungu alisema, nikawaambia watu. Watu wakasema, nikamwambia Mzungu. Nani aliniuliza niko upande gani? Sheria ni ya wote wawili. Anayehesabu aijue, na anayehesabiwa aijue. Wakiijua sawasawa, hapo ndipo haki huanza."

Jibu zuri. Nililiamini kabisa, na ninasema wazi kwamba nililiamini kwa sababu lilitoka kwake.

Siku ya mtihani alitusindikiza. Alivaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akachukua mwavuli ingawa hapakuwa na wingu, akatembea mbele yetu kutoka Shella mpaka bomani. Kwenye ngazi askari alimzuia.

"Na wewe, mzee, ni mtahiniwa?"

"Mimi ni msindikizaji," akasema, akaketi juu ya jiwe kando ya ngazi, mwavuli magotini. Niligeuka kumtazama nilipokuwa naingia. Alikuwa akiutazama mlango. Niliona uchungu ambao sikuwa nimeutarajia, na nusura nisahau cheti changu kwa mlinzi wa pili.

Ndani walikuwako Bwana Mkubwa wa boma, Mzungu, na mudiri. Fungu la tatu liliulizwa kwa mdomo. "Mzee mmoja ana wake wawili," Bwana Mkubwa akasema. "Ana vibanda vitatu. Anasema kimoja ni cha mbuzi. Utaandika ngapi?"

Kiganja changu kikafunguka. "Mafiga yako wapi, bwana?"

Mudiri akatabasamu chini ya ndevu. "Huyu najua alikopita," akasema.

Tulipita, mimi na Karisa. Tulipotoka kumwambia Mwalimu, alisimama, akafungua mwavuli, akauliza tuliulizwa nini na tulijibu nini, neno kwa neno, mpaka tukafika Shella. Hakutupongeza. Mlangoni kwa dada yake ndipo alipotugeukia. "Sasa mnakwenda kuhesabu," akasema. "Msiwe na haraka." Akaingia ndani kula.

Safari yangu ya kwanza ya ukarani ilikuwa ng'ambo ya Sabaki. Nilifika katika mji wa mzee mmoja wa Kigiriama, mudzi wenyewe wanavyouita, nyumba za nyasi zilizoshuka mpaka chini, uwanja umefagiwa vizuri. Mzee alikuwa mchangamfu. Alinionyesha nyumba ya mke mkubwa, yenye mafiga na majivu. Alinionyesha nyumba ya pili. Nikainama, nikaingia. Ndani mlikuwa na magunia ya mahindi yamepangwa ukutani. Mafiga hapakuwa, wala majivu.

"Hii ni ghala," mzee akasema. "Bwana mmoja wa Shella alinieleza. Pasipo na jiko si nyumba."

Alikuwa amekariri sawasawa kuliko wanafunzi wengine niliosoma nao. Nikainua kalamu niandike ghala, na ndipo mwanamke mmoja, aliyekuwa amesimama nyuma ya yule mke mkubwa, akatoka mbele. Hakuwa kijana sana. Mikono yake ilikuwa na unga.

"Karani," akasema, "mino, mimi hapa, ni mke wa huyu. Hapa ndipo nilipozalia. Kwani anasema ni ghala?"

"Nyamaza," mumewe akamwambia. "Ni maneno ya kodi tu."

"Mafiga yangu aliyatoa yeye," mwanamke akaendelea, akinitazama mimi. "Akasema nipike kwa mwenzangu. Nikapika. Mwenzangu hana ubaya, chakula chake ni kizuri, ananipakulia mimi kabla yake. Lakini sasa watoto wangu wakiulizwa kwa mama yenu ni wapi, wanaonyesha kwa mwenzangu. Na wewe ukiandika ghala, mimi nimekuwa gunia."

Hakungoja jibu. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na jiwe. Akalichukua la pili. La tatu lilikuwa zito, na mke mkubwa akaenda kumsaidia. Wakayapanga ndani. Yule mwanamke akachukua kaa la moto kutoka kwa mwenzake, akapuliza. Moshi ukatoka mlangoni.

"Huyu anataka kodi," mzee akaniambia, kama anayeshuhudia mtu amepandwa na pepo.

"Nataka nyumba," mkewe akasema.

Nikaandika mbili.

Niliporudi Malindi nilikwenda moja kwa moja kumwambia Mwalimu. Nilikuta anakula uani, nikakaribishwa, na nikasimulia yote wali ukiwa mkononi. Dada yake alikuwa jikoni, mlango wazi. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Aliacha kula.

"Uliandika vyema," akasema. Nadhani ilikuwa sifa yake ya kwanza kwangu. Kisha akauliza, "Huyo bwana wa Shella, alitajwa jina?"

"La, Mwalimu."

"Mm." Akazisogeza sahani kando. "Niliwafundisha waume," akasema. "Sikuuliza wake."

Dada yake akatokea mlangoni, upawa mkononi. Kwa kawaida hakuingilia mazungumzo ya kodi. Aliyaona kama kelele za ndege.

"Mwanangu, huyo mwanamke. Chakula cha mwenziwe kilikuwa kibaya?"

"La, Bibi. Alikisifu."

"Na mwenziwe alikuwa akimsimanga?"

"Hata. Alimsaidia kubeba jiwe."

Akarudi jikoni. Mwalimu alinawa, akamgeukia kwa mbali, akasema, "Ahsante kwa kunikaribisha," na kwa mara ya kwanza dada yake hakukasirika.

Baada ya hapo nilihamishiwa Mtwapa, nikakaa huko miaka. Habari za Malindi zilinifikia vipande vipande. Nilisikia darasa la ghalani limekwisha kwa kuwa Mhindi ameuza ghala. Nilisikia Mwalimu macho yamepungua. Nilisikia kwamba hawafundishi tena watu wa mashambani mpaka waje na wake zao, na kwamba wengi huona ni taabu na hawarudi. Karisa aliniandikia kwamba mkalimani wa baraza amekufa na nafasi iko wazi, na hakuna anayeweza kuijaza vizuri. Nilisoma barua hiyo nikaikunja. Nilifikiria mawe matatu, nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Niliporudishwa Malindi, kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu upya nyumba za Shella. Nilianza asubuhi, nikienda nyumba kwa nyumba, mpaka nikaufikia mtaa wao. Kabla sijafika mlangoni niliona moshi. Haukutoka jikoni kwa dada mtu. Ulitoka chumba cha uani, mzito, mchafu, moshi wa kuni mbichi.

Moshi ule ulikuwa na maana moja tu. Dada mtu alikwisha kusema mwenyewe: maadamu yeye ni hai, ndugu yake hapiki. Nilisimama pale njiani, nikamrehemu kimoyomoyo, nikatayarisha maneno ya rambirambi, kisha nikapiga hodi.

"Karibu," ikajibu sauti ndogo ya kike.

Nikaingia uani. Dada yake alikuwa ameketi juu ya mkeka mbele ya chumba cha ndugu yake, amejitanda leso mpya, ameketi wima kama mtu aliyealikwa. Mbele yake sahani ya wali. Ndani ya chumba, katikati ya moshi, Mwalimu alikuwa amechutama juu ya mafiga, machozi yanamtoka, mwiko mkononi.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," dada akasema. "Keti. Nimealikwa. Hata wewe wali utakutosha."

Nikaketi. Wali ulikuwa bokoboko juu na umeungua chini, na chumvi ilikuwa imesahauliwa kabisa. Nilimtazama yule mwanamke aliyewashinda wapishi wote wa Shella. Alikula tonge kwa tonge, hakuacha punje. Alipomaliza alinawa, akamgeukia ndugu yake.

"Ahsante kwa kunikaribisha," akasema.

Mwalimu alijifuta macho kwa mkono wa kanzu, na haukuwa moshi peke yake.

"Alinibebea mwenyewe," akaniambia baadaye, akiyaonyesha mafiga. "Aliyatoa jikoni kwake. Nikamwambia mji utasema. Akaniambia mji haujawahi kula kwake."

"Majirani wamesema?"

"Wanasema mpaka sasa," dada akadakia. "Siku mbili nala kwake, siku mbili ala kwangu. Tumbo langu lanisuta, lakini nishalizoea."

Nikatoa karatasi zangu. Mwalimu alisogea, akazileta karibu na macho mpaka pua ikagusa, akanifuata kila neno nililoliandika. Nilipompa cheti alikisoma chote, mbele na nyuma, akaniambia hati yangu imeharibika tangu niende Mtwapa. Kisha akakikunja, akakitia kifuani.

"Mtihani ni lini?"

"Mfungo ukimalizika, Mwalimu." Sikumtajia macho yake, wala umri wake, wala vijana watakaoketi naye. Alikuwa anayajua hayo kuliko mimi.

Akajimiminia kahawa, akakijaza kikombe mpaka ukingoni, akakiweka juu ya kiganja chake. Akangoja mpaka kahawa itulie.

"Niulize," akasema.

Nikafikiri kanuni zote, nikaziacha. "Mtu anakaa chumba cha uani kwa dada yake," nikasema. "Dada ana jiko lake. Naye ana lake. Nyumba ni ngapi?"

Akavuta pumzi. Kahawa haikumwagika.

"Mbili," dada yake akajibu kutoka mkekani.

Mwalimu akamtazama kwa ukali, akasema mtahiniwa hasaidiwi. Kisha akanigeukia mimi, na kwa sauti ile ya barazani niliyokuwa nimesimuliwa tu, akajibu upya: mbili.